Adhana ya Mwaka Juzi

Jumatatu, tarehe 6

Kwa binti wa marehemu dada yangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie kabla ya maneno yangu. Mimi ni mzima wa mwili, na nyumba yetu ya juu haikuguswa.

Najua umekwisha kusikia, kwa kuwa kusikia ndiyo kazi yenu huko redioni. Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, na baada ya mvua ya siku sita isiyopumzika, kilima kilichouegemea mtaa wa chini kilikatika na kushuka. Sikusikia mshindo kama watu wanavyosimulia. Nilisikia kitu kama gunia kubwa linaloburutwa, kisha kimya, kisha makelele. Nyumba thelathini na kitu hazipo tena. Mnara wa simu umelala kifudifudi barabarani, daraja limechukuliwa na maji, na barua hii itavuka mto juu ya kichwa cha mtu kabla ya kupokewa na dereva wa lori la maji. Dereva huyo ni mwaminifu ila ana maneno mengi. Ukimpa nafasi atakueleza habari za magoti yake.

Msikiti umegeuka kuwa zahanati, ghala na ofisi kwa pamoja. Mimi, niliyedhani nimestaafu ualimu wa chuo cha Kurani na kubakiwa na utunzaji wa daftari la maziko tu, nakaa mlangoni na kalamu tangu alfajiri. Watu huja wakaniambia, "Mwalimu, andika fulani." Nami huuliza: Umeuona uso wake? Akisema hapana, sitii wino. Wapo walionikasirikia. Fundi cherehani aliniambia mbele za watu, "Mwalimu, wewe hata malaika akija utamdai kitambulisho." Nikamjibu kwamba malaika haji na uvumi.

Nakuletea majina kumi na tisa. Yasome redioni, kwani jamaa zao walio mbali wana haki ya kujua. Wasiojulikana walipo sikuwaandika, wala usiniombe niwaandike. Adhana naisoma mwenyewe siku hizi, kwa koo langu hili bovu, bila kipaza sauti, na watu huja hivyo hivyo.

Nina ombi moja. Mke wa Mwadhini wetu yuko katika hospitali kuu ya mji wenu, wodi ya wanawake, akingojea upasuaji wa moyo. Alipelekwa huko wiki mbili kabla ya msiba. Hakujaaliwa mtoto, na wa kumtembelea ni wewe tu. Nenda ukakae naye. Mpe salamu zangu mimi. Akiulizia habari za huku, mwambie Mwalimu ataandika.

Mimi mjomba wako.


Jumatano, tarehe 8, asubuhi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika jana mchana ikinuka dizeli, pamoja na taarifa kamili ya magoti yote mawili. Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini kwenye ngazi za kituo nikashukuru kwa sauti, hata mlinzi akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Majina yote yalisomwa katika taarifa ya saa moja jioni. Mkuu wangu wa habari tunamwita Dakika, kwa sababu hupima kila kitu kwa dakika, hata rambirambi. Alinikunjia uso. "Kumi na tisa? Wenzetu wa kituo cha pili wametangaza themanini!" Nikamweleza kwamba mjomba wangu haandiki mtu ambaye uso wake haukuonekana. "Basi mnunulie miwani," akasema. Usikasirike, ndivyo alivyo. Ukimzoea unamcheka.

Sasa nikupe habari ya kukufurahisha. Mwanahabari wetu aliyevuka kwa miguu Jumapili alirudi na sauti za majembe, za tingatinga, na ya mama mmoja anayeita jina. Dakika akasikiliza yote akasema, "Kelele ipo, roho haipo." Ndipo nikakumbuka kwamba katika hifadhi yetu tunayo adhana ya Mwadhini, tuliyoirekodi mwaka juzi kwa ajili ya kipindi cha mfungo. Nikaiweka chini ya maneno ya mwanahabari. Ikaanza kwa mbali, ikakua, kisha yeye akanyamaza ikabaki peke yake kwa sekunde ishirini. Chumba kizima kiliacha kuandika. Dakika mwenyewe aligeukia dirishani, nami najua mtu huyo hageukii dirisha bure. Hatukutaja ni ya lini. Haikuhitaji maelezo. Ilikuwa kana kwamba mji wetu unasimama wenyewe kutoka kwenye tope.

Mpe Mwadhini salamu zangu. Mwambie sauti yake imevuka mto bila daraja.

Hospitalini sijaenda bado. Tangu Ijumaa nalala kituoni kwenye kiti. Kesho nitakwenda bila shaka.

Mpwa wako.


Jumatano, tarehe 8, baada ya alasiri

Binti yangu,

Salamu nazifupisha. Nakuandikia kabla ya kupata jibu lako.

Jana jioni fundi cherehani aliweka redio yake ya betri juu ya meza ya kukatia vitambaa, na watu wapatao arobaini wakasimama nje ya duka kusikiliza majina. Waliyapokea yote kumi na tisa kwa vichwa vilivyoinama. Kisha ikaja sauti ya Mwadhini.

Mwadhini hajapatikana tangu Alhamisi. Aliadhini alasiri, akasali nyuma yangu, kisha akateremka mtaa wa chini kumrudishia mwuza maji ngazi yake, na hatukumwona tena. Sikumwandika kwa kuwa sikuuona uso wake. Hilo ni kanuni, nami sijutii. Lakini kutokukuambia wewe hakukuwa kanuni, kulikuwa woga. Nilikutuma kwa mwanamke bila kukuambia unakwenda kwa mke au kwa mjane, kwa sababu mimi mwenyewe sikutaka kulitamka neno hilo.

Sauti ilipoanza, mtu mmoja akapaza: "Yuko kwa watu wa redio! Wamempata!" Wanaume wakakimbilia mtoni, wengine miguu mitupu. Nami, mzee wa miaka sabini na mmoja, nilikimbia nao hatua kama hamsini kabla akili haijanirudia. Ndani ya sauti ile kulikuwa na mvumo wa kipaza sauti, na kipaza sauti chetu kimezimika tangu Alhamisi. Nikasimama nikawaita warudi. Baadhi yao walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfukia.

Sikulaumu kwa ulichokuwa hukijua. Nakuuliza jambo moja tu, nawe nijibu kwa dereva yule yule, asilale huko: je, mkewe amesikia?

Mjomba wako.


Alhamisi, tarehe 9

Mjomba, shikamoo.

Nimetoka hospitalini sasa hivi na nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye dirisha la duka la dawa.

Nilimkuta ameketi kitanda cha mwisho karibu na ukuta, amejifunga kanga safi, midomo imefifia rangi lakini macho yanacheza. Kabla sijajitambulisha akasema, "Wewe ni wa Mwalimu. Una paji lake la ukaidi." Kisha akanivuta sikio nilisogeze kwake. "Nimemsikia juzi! Muuguzi aliacha redio pale mezani. Nilikuwa nimeshakata tamaa, mwanangu. Siku tano hakuna simu, hakuna mtu. Mara mume wangu huyo, anaita watu kwenye sala, na mji umefunikwa! Tena umesikia kifua chake? Hakina mkwaruzo hata kidogo. Basi anakula, na mvua haikumpiga."

Wagonjwa wote wa chumba kile wanajua habari hiyo. Mmoja akamtania, "Leo tena Bibi Harusi!" Naye akajibu, "Mwambieni tu asije na lile shati la kijani, nitamkana mbele ya daktari."

Sasa lililonitia wasiwasi. Daktari wake aliniita pembeni. Wiki iliyopita mgonjwa alikuwa amekubali kupasuliwa siku yoyote. Tangu Jumanne jioni amekataa kutia sahihi. Nilimrudia nikamwuliza kwa nini. "Nilikubali nilipojiona sina mtu," akasema. "Ninaye. Barabara zitafunguka, atakuja, atanishika mkono, ndipo wanifungue kifua. Miaka thelathini na minane hatujaamua jambo kubwa mmoja bila mwingine." Daktari anasema mlango mmoja wa moyo umechoka kabisa. Amempa wiki moja, na zaidi ya hapo haahidi kitu.

Kwa hiyo, Mjomba, mketishe Mwadhini popote alipo na aandike mistari miwili tu, kwamba amekubali, kwamba mkewe atie sahihi asimngoje. Nimemwahidi mgonjwa kwamba barua itakuja. Dereva amekubali kusubiri hadi mchana huko kwenu.

Mpwa wako.


Ijumaa, tarehe 10

Mjomba,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya jana itakuwa mikononi mwako sasa, nawe umesoma kwamba nakutaka umketishe Mwadhini aandike. Nisamehe.

Ndiyo, amesikia.

Nimeirudia barua yako ya kwanza. "Adhana naisoma mwenyewe siku hizi." Imo humo, kwa mwandiko wako ulionyooka. Kazi yangu ni kusoma maneno ya watu na kuona yaliyojificha, lakini siku ile nilikuwa natafuta idadi, nikaruka mstari huo kama mtu anayeruka dimbwi.

Nilimwendea Dakika nikamwomba tusahihishe. Akaniuliza, "Tulisema ni ya wiki hii?"

"Hatukusema."

"Tulisema yu hai?"

"Hatukusema."

"Basi tusahihishe nini? Neno lipi la uongo?"

Kweli hakuna neno la uongo hata moja, na wanaume wamekimbilia mtoni miguu mitupu. Akaongeza, bila ubaya, kama mtu anayenieleza ratiba: "Isitoshe habari yenyewe inatoka. Kesho tunafungua na mashindano. Kilima kimebakiwa na sekunde arobaini, na mwanahabari wetu nimemrudisha."

Kutoka hapo nilikwenda hospitalini nikiwa nimekusudia kusema. Mjomba, nilimkuta anasukwa. Muuguzi ameketi nyuma yake na chanuo, chupa ya mafuta juu ya godoro. Akaniona, uso wote ukawaka. "Barua?" Nikasema, "Iko njiani." Nilisema hivyo nikiwa najua. Jana nilidanganya kwa kutokujua, leo nimedanganya kwa mdomo wangu wazi, kisha nikashika kioo ajitazame.

Daktari anasema habari mbaya yaweza kuusimamisha moyo ule papo hapo. Anasema pia kwamba usipopasuliwa utasimama wenyewe. Nimwambie? Nisubiri? Nimwandikie mistari miwili kwa jina la mumewe atie sahihi, tuje kutubu baadaye? Nimefikiria hata hilo. Wewe ndiye uliyesoma. Niamuru.


Jumapili, tarehe 12

Binti yangu,

Sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Nimeuona uso wake.

Tangu watu wenu waondoke, tingatinga limekuwa likianza kazi saa nne na kumaliza saa nane. Msimamizi wake aliniuliza, pasipo haya, "Mzee, wale wa redio wanarudi lini?" Nikamwambia kwamba walioko chini hawasikilizi redio. Pengine aliona aibu, kwani jana alianza mapema, na kabla ya adhuhuri wakauinua ukuta wa mwuza maji. Mwadhini alikuwa nyuma yake, na ngazi juu yake. Daktari wa kikosi cha uokoaji alimkagua shingo akasema kwamba alikufa mara moja, siku ile ile, wakati ule ule. Nimemwosha kwa mikono yangu kadiri ilivyowezekana, na tumemzika. Ni jina la arobaini na mbili.

Umeniomba nikuamuru. Nimekaa na swali lako tangu alfajiri, nikalitazama pande zote.

Karatasi ya mistari miwili kwa jina la mumewe hutaiandika. Hilo liondoe hata katika mawazo.

Ama kunyamaza mbele ya mgonjwa, kuna wakati wake. Mtu dhaifu hatupiwi habari kama jiwe. Kama angekuwa ametia sahihi, ningekuambia ngoja, apone kwanza, na dhambi ya ukimya huo ningeiona ndogo. Lakini hakutia sahihi, na sababu ya kutotia ni mtu asiyekuwepo, ambaye sisi wawili tumemfanya amngojee, wewe kwa sauti na mimi kwa kunyamaza. Kila siku anayongoja tunaikata katika umri wake bila ruhusa yake. Kwa hiyo mwambie.

Usimpe barua hii aisome. Usimtume muuguzi. Mwombe daktari asimame karibu na dawa zake, kisha keti kitandani, mshike mkono, taja jina la mumewe na useme amefariki. Usiseme ametutoka, usiseme hayupo. Baada ya hapo nyamaza, na umwachie yeye zamu ya kusema.

Nami naogopa. Nakuandikia hivi ili usidhani kwamba anayeamuru ana utulivu ambao wewe huna. Nimeshindwa kula tangu jana. Ikiwa moyo wake utasimama mkononi mwako, amri ilikuwa yangu, na jibu lake nitalitoa mimi mbele ya Aliyenipa elimu.

Mjomba wako.


Jumanne, tarehe 14

Mjomba, shikamoo.

Barua ilifika saa mbili asubuhi. Saa nne nilikuwa kitandani kwake. Daktari alisimama nyuma ya pazia. Niliviona viatu vyake.

Nilisema kama ulivyoniamuru. Jina, na neno lile.

Hakupiga kelele. Mashine iliyo karibu na kichwa chake ndiyo iliyopiga, viatu vikasogea hatua mbili, kisha vikasimama, kwa sababu mashine ilirudi kwenye mwendo wake. Yeye alikuwa anatazama ukuta.

Neno lake la kwanza lilikuwa: "Ile sauti ni ya lini?"

"Ya mwaka juzi. Niliiweka mimi."

"Mwaka juzi alikuwa na kifua kizuri," akasema. "Ningejua." Kisha akanigeukia. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Kwamba hajapatikana, tangu Ijumaa."

"Ijumaa nilikuwa nasukwa."

"Ndiyo."

"Ukanishikia kioo."

Akautoa mkono wake katika wangu, si kwa hasira, polepole tu, akauweka juu ya tumbo lake. Sikuusogelea tena. Ndipo alipolia, bila sauti, na mwanamke wa kitanda cha pili akashuka akaja kuketi nilipokuwa nimeketi mimi, nikasimama nikampisha.

Alipojifuta macho akasema, "Leteni hiyo karatasi. Hakuna ninayemngoja." Daktari akatoka nyuma ya pazia akiwa nayo tayari. Alitia sahihi kwa herufi kubwa kama mtoto wa chuoni. Upasuaji ni kesho asubuhi.

Nilipokuwa naondoka akaniita. "Huko kwetu nao walisikia?"

"Walisikia."

"Walikimbia?"

Nikashangaa. "Mpaka mtoni."

"Nawajua. Basi nenda ukawaambie. Mimi umekuja kitandani kwangu. Wao utawaendea wapi?"

Nimeandika sentensi nne za kusahihisha habari ya adhana ile. Dakika alizisoma mara mbili. "Tukisoma hii," akasema, "kuanzia kesho kila mtu atauliza kila sauti yetu ni ya lini." Nikamwambia na waulize. Akanitazama kwa muda ambao hakuupima. Mwishowe akanipa sekunde kumi na tano, baada ya hali ya hewa, na kwa sharti kwamba jina langu lisomwe kuwa ndiye niliyekosea. Itasomwa jioni hii. Ameniambia pia nipumzike wiki mbili. Sijui kama ni mapumziko au ananionyesha mlango, na leo sina nafasi ya kujua.

Kesho nitakaa nje ya chumba cha upasuaji, anitake asinitake. Mwombee yeye, na ukibakiwa na pumzi niombee mimi.

Mpwa wako.


Jumamosi, tarehe 18

Mjomba, shikamoo.

Kwa muda wa saa tano na nusu nilikaa kwenye benchi la chuma siku ya Jumatano, nikisoma na kurudia tangazo la kunawa mikono lililobandikwa mlangoni. Ametoka salama. Aliamka Alhamisi akaomba maji. Leo ameketi, na amenitaka niandike maneno yake kama anavyoyatoa, nisiyahariri. Haya hapa.

"Mwalimu, nakusalimu. Naandikiwa na huyu uliyemtuma. Sijamsamehe vizuri bado, lakini anajua kushika kikombe bila kunimwagia, na nimemwona kwenye benchi lile. Kifua kinauma kama nimebebeshwa kinu. Daktari anasema ndivyo kinavyopona.

Nashukuru ulimwosha mwenyewe. Najua ulimwosha vizuri, maana yeye alikuwa akisema wewe hata udhu wako una urefu wa kitabu.

Nina swali moja, Mwalimu, na nimelingoja nipate nguvu nikuulize. Eda yangu, siku hizi za kumkalia mume bila kujipamba, naihesabu tangu lini? Tangu Jumanne nilipoambiwa, au tangu Alhamisi ile alipofariki? Maana katikati ya siku hizo mbili kuna siku ambazo nilifurahi. Nilijipaka mafuta. Nilisukwa. Niliwaambia wagonjwa wenzangu mume wangu anakuja, nikalitania shati lake, wakacheka, nami nikacheka kuwashinda. Wakati huo yeye yuko chini ya ukuta. Nikifumba macho nausikia ule mcheko wangu. Siku hizo nizifanye nini? Je, ni dhambi, nizilipe? Usinifariji. Niambie ilivyo."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Sikubadili kitu.

Mpwa wako.


Jumatatu, tarehe 20

Kwa dada yangu katika imani, mjane wa Mwadhini wetu,

Mwenyezi Mungu akuzidishie nguvu. Nakuandikia wewe mwenyewe, na huyo binti atakusomea. Umenikataza kukufariji, kwa hiyo nitakupa hukumu kama nilivyofundishwa, nawe uitazame kama ina faraja ndani yake.

Kwanza nikuambie kwamba Jumanne jioni tulisimama tena nje ya duka la fundi cherehani. Sekunde kumi na tano ni chache. Baadhi ya watu walikuwa bado wanazungumzia mvua ya kesho wakati zinasomwa. Lakini mwanamke mmoja wa mtaa wa chini, ambaye tangu siku ya adhana ile alikuwa akikataa kuja kutazama nyuso, akisema kwamba redio itamrudishia na mumewe vilevile, alikuja asubuhi yake. Alimtambua. Tumemzika. Alipita mlangoni kwangu akasema, "Sasa naweza kulala chini kama mfiwa." Naye huyo anayekusomea ajue hilo.

Nami nakuomba radhi. Ningeandika mapema, katika barua ya kwanza, kwamba mumeo hajulikani alipo, hakuna mtu ambaye angeiweka sauti yake mahali pale. Niliogopa neno, na woga wangu ukakugharimu wewe.

Sasa swali lako. Eda ya aliyefiwa na mume huanza saa ya kifo, si saa ya kufikiwa na habari. Hivyo ndivyo wanazuoni wengi walivyolisimamia jambo hili, nami niko pamoja nao. Mume akifia mbali, na mkewe akajua baada ya mwezi, mwezi huo umekwisha kuhesabika. Kifo hakingoji kutangazwa ndipo kiwe kifo. Daktari wa kikosi amenithibitishia kwamba mumeo alifariki Alhamisi ile, na mimi ni shahidi wa saa aliyotoka mlangoni mwangu.

Ama mafuta na nywele, na kicheko, hakuna dhambi. Aliyefichwa jambo haulizwi kwa kutolijua. Tuliokuficha ndio tutakaoulizwa. Hutafunga kwa ajili ya siku hizo, hutazirudia, wala hutamlipa mtu yeyote kitu.

Tangu Alhamisi mpaka Jumanne ni siku kumi na mbili. Hizo umekwisha kuzikaa, dada yangu. Ulizikaa ukicheka, na zinahesabika.

Mwalimu